Shemeji na Mkazo Uliolipia Baa Nzima

Madrid mtu akitimiza miaka hachangiwi na wenzake. Yeye ndiye anayewatoa. Ndivyo alivyofanya bosi wa shemeji yangu Ijumaa moja kule mtaa wa Lavapiés: alipita kwenye baa wanayokutana baada ya kazi, akalipia raundi ya kwanza ya wote waliokuwepo, akasema mkewe anamsubiri, huyo akaenda zake.

Shemeji akabaki kaunta na glasi ya mosto, juisi ya zabibu isiyo na kilevi, na kisahani cha zeituni. Mimi nilikuwa kando yake. Mara wakaingia wenzake wa zamu ya jioni, wakakuta meza zimejaa glasi. Mmoja akauliza kwa sauti: "¿Quién invita?" Yaani, nani anatutoa leo?

Wiki nzima Shemeji alikuwa amekesha na jedwali la kitenzi invitar, kualika, ambacho ukiwa baa za Hispania maana yake ni kulipa. Akaona saa yake imefika. Alichotaka kusema ni kwamba bosi alishatoa: invitó el jefe. Kilichotoka kinywani ni hiki: "¡Invito, el jefe!"

Habari za bosi hakuna aliyezisikia. Walisikia "Natoa mimi, mkubwa." Na kwa kuwa kwenye baa za Hispania kila mtu ni jefe, kuanzia mhudumu hadi mteja asiyejulikana jina, cheo hicho hakikumshangaza yeyote. Makofi yakapigwa. Mhudumu alikuwa ameshashika bomba la bia.

Wacha bia zijazwe, sisi tuangalie neno lilivunjikia wapi.

Vitenzi vya Kihispania viko makundi matatu kwa mwisho wake: -ar, -er na -ir. Invitar ni wa -ar, kundi kubwa kuliko mengine yote. Unaondoa -ar, unabaki na invit-, halafu unapachika mkia. Wakati uliopo mikia ni -o, -as, -a, -amos, -áis, -an: invito, invitas, invita, invitamos, invitáis, invitan. Mkia huo mmoja unabeba nani na lini kwa pamoja, ndiyo maana Mhispania hahangaiki kutaja "mimi" wala "yeye". Sisi mizigo hiyo tunaipakia mbele. Kwenye alialika, a- inakwambia ni nani na -li- inakwambia ni lini, yote kabla hujafika kwenye kitenzi chenyewe. Kwa hiyo Mswahili akisikia Kihispania masikio yanakaa mwanzoni mwa neno, na mkia unapita bila kukaguliwa. Sasa huo mwanzo, invit-, hausemi nani wala lini.

Balaa la pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kukuuliza. Isipokuwa vichache vya kufanyia mtihani, kama barabara ya magari na ile barabara ya "sawasawa" inayokaziwa -ra- ya kwanza, hatujawahi kulazimika kuufikiria. Hebu tazama wakati uliopita wa invitar: invité, invitaste, invitó, invitamos, invitasteis, invitaron. Nne kati ya hizo zinakaa kinywani mwetu kama zilizaliwa Tanga, maana mkazo wake uko pale pale tulipouzoea. Mbili zilizobaki, ya mimi na ya yeye, zimekaziwa mwisho kabisa. Na ndizo mtu anazozihitaji kila anaposimulia jambo. Usogeze mkazo wa invitó silabi moja tu nyuma, aliyelipa jana anatoweka na unayelipa sasa hivi ni wewe.

Cha kukera ni kwamba angetumia kitenzi cha -er, angesalimika. Comer: nakula ni como, alikula ni comió. Hata ukiikaza ovyo hiyo comió, hakuna neno jingine linalosubiri kukudaka. Mtego huu ni wa -ar: hablo na habló (naongea, aliongea), compro na compró (nanunua, alinunua), llamo na llamó (napiga simu, alipiga simu). Kwenye WhatsApp ndiyo usiseme, watu hawaandiki alama ya mkazo na kila mtu anaonekana kampigia simu bosi.

Turudi kaunta. Mzee mmoja wa ghalani aliyaona macho ya Shemeji yalivyomtoka. Akaelewa pana jambo, akaanza kutoa pochi yake amwokoe kijana. Wakati huo huo Shemeji anageuka kujitetea: sikutoa mimi, no invité. Mkazo ukarudi nyumbani tena. "¡No invite!"

Hiyo si "sikutoa". Hiyo ni amri ya heshima, ile ya kumwita mtu usted: "Usilipe, mzee wangu!" Vitenzi vya -ar katika amri hiyo hubadili a kuwa e: invita inakuwa no invite. Nasi tunafanya vivyo hivyo, alika inakuwa usialike. Pahali pekee ambapo mikia ya lugha hizi mbili imekubaliana, na ndipo palipomrudisha mzee wa watu pochi mfukoni. Akampigapiga Shemeji begani, akamwita caballero, muungwana, akaagiza sahani ya ngisi wa kukaanga.

"Shem," nikamwambia, "nyamaza."

Hakunyamaza. Alikumbuka kwamba jedwali lake lilikuwa na wakati ujao, akaona atumie huo: bosi atalipa, el jefe invitará. Wakati ujao ni mwepesi kuutengeneza, maana huondoi kitu. Unachukua invitar nzima na kuongeza -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Ila hesabu mikia iliyokaziwa mwisho: mitano kati ya sita. Anayesalimika ni invitaremos peke yake. Na mikosi haiishii hapo, kwa sababu kila moja ya hiyo mitano ukiikaza Kiswahili inaangukia kwenye umbo jingine halali la kitenzi. Invitarás inakuwa invitaras, invitará inakuwa invitara, invitarán inakuwa invitaran, zote za "laiti" na "kama". Invitaré inakuwa invitare na invitaréis inakuwa invitareis, maumbo ambayo siku hizi utayakuta kwenye sheria na methali za kale. Baa hakuna anayeongea hivyo, labda awe wakili aliyelewa.

Shemeji akapiga kelele: "¡El jefe invitara!" Laiti bosi angetoa! Kijana wa Kimorocco aliyekuwa mezani akainua glasi yake ya soda: "¡Ojalá!" Baa nzima ikaitikia ojalá, neno ambalo Wahispania walilirithi kwa Waarabu na ni ndugu wa inshallah yetu. Dua ikapokelewa, raundi nyingine ikaagizwa.

Hapo akaamua kunitia na mimi. Ni kweli Jumatatu ya wiki ile tulikuwa tumewatoa watu wawili watatu pale pale, kwa hiyo hoja yake ilikuwa na haki: sisi tulishalipa zamu yetu. Akasema, taratibu, kila silabi mahali pake: "Nosotros invitamos el lunes."

Makofi makubwa kuliko ya mwanzo.

"Shem, nimekosea wapi? Mkazo uko sawa!"

"Mkazo uko sawa, shem. Lugha yenyewe ndiyo haiko sawa."

Invitamos ya wakati uliopo na invitamos ya wakati uliopita ni neno moja, herufi kwa herufi. Vitenzi vyote vya kawaida vya -ar viko hivyo, na vya -ir pia: vivimos ni tunaishi na tuliishi. Vya -er ndivyo vinavyotenganisha, comemos na comimos. Mhispania husikiliza maneno ya jirani, na el lunes peke yake inaweza kuwa Jumatatu iliyopita au ijayo. Kilichotakiwa ni kuongeza pasado, iliyopita. Nililitamka, lakini nani ananisikia? Wameshaambiwa Jumatatu tunawatoa.

Bili ilikuja kwenye kisahani cha chuma: euro 46. Tuligawana nusu kwa nusu, kwa sababu dada angeuliza.

Njiani kuelekea metro tukapanga jinsi ya kuishi. Mtu ambaye mkazo bado unamkimbia asianze na invitó. Kuna nyakati zilizotulia. Ya kwanza ni ile inayoundwa na he, has, ha, hemos, habéis, han kisha invitado. Invitado haibadiliki kwa nafsi yoyote na mkazo wake uko kwenye -ta-, kama wetu. Ha invitado el jefe: ameshatoa bosi. Huwezi kuiharibu hata ukitaka. Tena Madrid ndiyo inayotumika kwa jambo lililotokea leo hii. Ya pili ni invitaría, ningetoa, ambayo mkazo wake nao uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na inafaa sana kabla ya neno pero, lakini. Kwa mambo yajayo kuna va a invitar, atatoa; hata ukiikaza vibaya hakuna neno jingine la kugongana nalo. Za mazoea ya zamani, invitaba (alikuwa akitoa) na wenzake, ziko salama isipokuwa invitábamos, inayokaziwa ya tatu kutoka mwisho.

Invitó yenyewe ni mazoezi ya mdomo. Sisi silabi ya pili kutoka mwisho tunairefusha kidogo, kwa hiyo kukaza ya mwisho peke yake hakutoshi. Lazima ile -vi- uifupishe, uipite haraka, ndipo uvute -tó. Soma kwa jozi, hablo habló, compro compró, jirekodi kwenye simu, usikilize kesho yake ukiwa umetulia. Shemeji alifanya hivyo Jumamosi na Jumapili, mtoto akawa anamuitikia kutoka chumbani.

Jumatatu wakaja, meza tatu. Shemeji akasimama akiwa ametulia kabisa, akachagua wakati ule usioharibika, na kila silabi ikatua barabara: "Ya ha invitado el jefe."

Mkazo safi. Ila ha invitado ni ya leo. Bosi alitoa Ijumaa, na kwa Ijumaa Madrid ingetaka invitó. Nilikuwa nafungua mdomo nimsahihishe, mlango ukafunguliwa, akaingia bosi mwenyewe na koti lake begani. Watu wote wakamgeukia: "¡Gracias, jefe!" Bosi akatuangalia, akaangalia zile meza, akatafuta pochi.

Nikafunga mdomo, nikaagiza mosto.