Saini ya mjumbe ni bure mpaka siku akija mkaguzi

Kuna klipu imezunguka kwenye grupu letu la kijiji wiki hii, nimeiangalia mpaka bando likakata. Bosi mmoja kutoka wilayani, shati jeupe, kofia ya jua, kasimama mbele ya darasa ambalo limeishia kwenye lenta, mkononi ana faili na anasoma majina ya kamati ya mapokezi, ile inayopokea vifaa vya ujenzi, kama mwalimu wa zamu anavyosoma watoro. "Nani kasaini hapa?" Mama mmoja wa makamo kanyoosha mkono. "Saruji iko wapi?" Mama anajaribu kueleza, bosi anamkata, watu wanacheka, mwenyekiti wa kijiji anaangalia chini. Mwisho wa klipu kamati nzima inaambiwa ipande gari ikaandike maelezo kituoni.

Mi bosi hajanikera kivile, mabosi wa hivo tumewazoea. Aliyenikera ni yule aliyesimama nyuma yake na kikoti cha kuakisi mwanga, mtaalamu wa ujenzi, anachati. Darasa limesimamia lenta na yeye ndo mtaalamu, halafu hakuulizwa hata swali moja. Hata moja jamani! Kaulizwa mama ambaye kazi yake ya kila siku ni mihogo na ufuta.

Sasa kwa wanaosema "si alisaini mwenyewe", ngoja niwaambie kusaini kwenyewe kunakuwaje, maana shangazi yangu amekuwa kwenye hizo kamati tangu zile hela za UVIKO za 2021. Mnakumbuka, trilioni 1.3, madarasa 15,000 Tanzania nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, vile vishule vidogo vya watoto wanaokaa mbali na shule mama, darasa moja milioni 20, na yote yawe yameisha Januari shule zikifunguliwa. Mbio kama zile hazijawahi kutokea. Fosi akaunti, kwa maana kwamba hakuna mkandarasi, hela inaingia akaunti ya shule, fundi anatafutwa hapo hapo, na wanakijiji wanaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kwenye karatasi ni kitu kizuri sana na sina ubishi nacho, mkandarasi angejenga darasa hilo kwa milioni ngapi sijui na faida yake juu.

Shangazi akawekwa mapokezi. Aliwekwaje? Alikuwa kwenye mkutano, mtendaji akasema tunahitaji mwanamke mmoja mwaminifu, watu wakamgeukia. Ndo semina yenyewe hiyo, ilianzia hapo ikaishia hapo.

Lori la saruji lilikuja usiku. Kila mtu aliyekaa kijijini anajua malori ya mzigo yanafika muda gani, dereva katoka mjini mchana, barabara yenyewe ile, akifika watu wameshakula wanataka kulala. Shangazi kaitwa, kaja na kanga mabegani na kisimu chake cha tochi, na mjumbe mwenzie mzee mmoja ambaye macho yake mchana yenyewe ni ya kubahatisha. Vijana wanashusha, wanapanga ndani ya stoo ya mwalimu mkuu, wanapanga kwa fujo wanavyojua wao. Shangazi anahesabu, akifika kati anapoteza, anaanza upya.

"Mama, saini basi, nina mzigo mwingine wa kushusha kijiji cha mbele."

"Mwanangu, mbona hii ya katikati siioni?"

"Aa mama, hiyo si ni ya kuzidisha tu, saba mara ngapi hapo, we piga hesabu. Kwani mimi nitabeba mfuko niupeleke wapi?"

Mwalimu yuko pale anapiga miayo. Mtendaji kashaenda kulala. Karatasi imewekwa juu ya mfuko, kalamu ya dereva, tochi ya shangazi, saini. Basi. Kuanzia sekunde ile huyo mama ndiye serikali. Mfuko ukipungua ni yeye, ukiganda kwa unyevu ni yeye, fundi akichanganya ratio ya ajabu ukuta ukapasuka, ataulizwa saruji ilienda wapi, yeye tena.

Na hiyo ni saruji, kitu ambacho angalau kinahesabika. Njoo kwenye nondo. BOQ, ile orodha ya vifaa na vipimo vya mradi, imeandika milimita 12, imeletwa nondo, nani anapima? Kwa macho milimita 10 na 12 ukiziona moja moja huwezi kuzitofautisha, unahitaji kifaa, na kifaa kiko kwenye begi la injinia, na injinia yuko halmashauri, na gari la halmashauri halina mafuta. Siku akija anashuka, anapiga picha na jezi ya kazi, anapanda. BOQ yenyewe imeandikwa Kiingereza, kurasa na kurasa, halafu unampa mtu aliyeishia darasa la saba unamwambia hakikisha kilicholetwa kinalingana na kilichoandikwa. Nilimwona shangazi nayo mezani, kaweka kidole kwenye namba tu, maana namba ndo kitu pekee mle ndani alichokuwa anakitambua. Ile picha inaniuma mpaka leo, siwezi kudanganya.

Halafu watu wanashangaa kwa nini wenye akili timamu siku hizi wakisikia mkutano wa kuchagua kamati wanapitia njia ya shambani.

Hoja yangu ni hiyo moja. Kamati za wananchi zimegeuzwa mahali pa kufichia saini za wataalamu. Zamani mtaalamu akikosea anaonekana, sasa hivi mtaalamu anashauri kwa mdomo, mwananchi anaidhinisha kwa kalamu, na kwenye ukaguzi kinachosomwa ni kalamu. Ushirikishwaji, eti. Kwenye kupanga mradi tulishirikishwa wapi? Barua ilikuja kutoka juu kwamba mmeletewa madarasa, hata kama kijiji kilikuwa kinalilia zahanati. Zile siku za kukaa chini ya mwembe na madaftari ya fursa na vikwazo, ule utaratibu wa kijiji kujipangia mipango yake, wazee wakachora ramani ya kijiji kwa mawe na majani, mipango ile mingi iko kabatini kwa mtendaji na panya wanajua ilipo. Tunashirikishwa kwenye mambo mawili tu, kuchimba msingi na kusaini.

Najua mtaniambia sheria inasema vizuri. Ndiyo inasema, kwani nani amekataa. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji uwe ndo wenye mamlaka ya juu, kila mwenye miaka 18 na kuendelea anaingia, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, na chini yake zile kamati tatu za kudumu, fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Juu ya hizo ongeza kamati ya shule, ya zahanati, ya misitu kama mna msitu, ya TASAF ya kaya maskini, ya mradi huu na mradi ule. Vijiji zaidi ya 12,000 zidisha kwa hao watu wote, hilo ni jeshi kubwa kuliko idara yoyote ya serikali unayoijua na halina mshahara. Na kwa kuwa watu wa kuaminika kijijini ni wale wale, unakuta mtu mmoja yuko kamati nne na ana ng'ombe wake wa kuchunga.

Kuhusu posho, naomba nisieleweke vibaya, simwombei mjumbe utajiri. Lakini bajeti ya 2021/22 ilipokuja watendaji wa kata wakawekewa laki moja kila mwezi, na madiwani wengi posho zao zikahamishiwa serikali kuu kwa sababu halmashauri nyingi zilikuwa zinawakopa. Vizuri, wanastahili. Sasa mjumbe aliyeacha kupalilia siku nzima akahesabu tofali anapewa nini? Soda. Na soda yenyewe siku ya uzinduzi inaanzia meza kuu, ikifika kwa kamati zimebaki za machungwa za moto.

Haya, nikubali kidogo. Wapo wajumbe wanaokula, tena wengine wanakula bila kunawa. Kuna mzee kijiji cha jirani alikuwa mhazini wa kamati ya maji enzi zile ndoo inalipiwa pale pale kwenye kituo, pampu ilipokufa wakaenda kuangalia mfuko wakakuta daftari tu, na daftari lenyewe limechanwa kurasa. Huyo sina cha kumtetea. Na watendaji nao, kusema haki, wengine wanahudumia kijiji kutoka kwenye chumba cha kuazima bila hata kabati la kufunga. Sawa. Nimekubali, tuendelee.

Maana kwenye maji serikali yenyewe ilishaona! Sheria ya maji ya 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, zile kamati za maji za kujitolea ziligeuzwa vyombo vya watumia maji, CBWSO, na wakaambiwa waajiri mhasibu na fundi wanaojua kazi, walipwe. Kwa nini? Kwa sababu waligundua huwezi kuendesha pampu na vitabu vya hela kwa imani na maombi. Wananchi wamebaki wenye mali na wasimamizi, wa kulipwa wakabaki na mahesabu. Sasa kama bomba linastahili mhasibu, darasa la milioni 20 ambalo watoto wetu watakaa chini ya paa lake linastahili tochi ya simu ya shangazi?

Na sasa wameleta NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kila kitu kipitie humo, na mtandao wenyewe mpaka upande kichuguu. Mwalimu mkuu anashinda mjini kutafuta mtandao, kamati ya manunuzi inaambiwa mzabuni ameshapatikana, wanaletewa karatasi wasaini. Uwazi huo.

Baraza la ardhi la kijiji sitaligusa leo, wale wajumbe saba wanaokaa mchana kutwa wanasuluhisha mipaka ya watu kisha wanatukanwa na pande zote mbili wanahitaji makala yao.

Tena msiniambie suluhisho ni semina. Semina tunazijua, inafanyika makao makuu ya wilaya, anaenda mtendaji na mwenyekiti, wanarudi na begi la mkononi lenye nembo. Ninachotaka ni kidogo sana na hakihitaji wafadhili. BOQ iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema mifuko mingapi, nondo za unene gani, mabati ya geji gani, ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji kabla mzigo haujafika. Mzigo usipokelewe usiku. Na mtaalamu atie saini yake kwanza kwamba kaona, kapima, kakubali, halafu ndo mjumbe asaini kwamba idadi ni hiyo. Siku ya mkaguzi waitwe wote wawili, wa kikoti na wa kanga, wasimame pamoja.

Hiyo itachukua muda, kama itakuja. Kwa hiyo kama wewe ni mjumbe na unasoma hapa, au una mama yako au baba mdogo yuko kwenye kamati, mwambie hivi. Dereva akikuharakisha, mwache aende na karatasi yake isiyo na saini, arudi asubuhi, mzigo ulale kwenye lori na dereva alale nao. Kama umelazimika kusaini, usiandike jina peke yake. Andika na maneno, kwa mkono wako, hapo hapo juu ya saini: "nimehesabu mifuko inayoonekana tu, ya katikati sijaiona, nondo hazijapimwa, injinia hakuwepo." Weka tarehe na saa. Piga picha hiyo karatasi kabla dereva hajaichukua, au muombe kijana yeyote mwenye simu ya kugusa akupigie, na umtumie mtu wa tatu asiye wa kamati. Shangazi sasa hivi anafanya hivo, mwalimu amemnunia na mtendaji anamwita mkorofi, na mzigo uliofuata ulifika saa nne asubuhi.