Silvanus na mizani inayompima mwanadamu

Katika Forgotten Realms, ulimwengu wa kubuni ulioasisiwa na Mkanada Ed Greenwood na kuchapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya mchezo wa kusimulia na kuigiza visa uitwao Dungeons & Dragons, Silvanus ndiye mungu wa misitu na nyika ambazo mkono wa mtu haujazigusa. Jina lake limeazimwa kwa mungu wa misitu wa Warumi wa kale, alama yake ni jani la mwaloni, na watumishi wake ni madruidi, makuhani wanaoamini kwamba kila kiumbe kina kiasi chake. Hadharani hupanda miti na kuuguza wanyama. Kwa siri, wamo wanaowaachia wanyama wakali karibu na makazi, na hata kuwafadhili majambazi wa njiani, ili watu wasizidi wakauelemea msitu.

Wanaomtetea husema kwamba mungu wa maumbile anayewaridhisha watu tu ni mtunza bustani. Wakulima wanaye Chauntea, mungu wa kike wa kilimo. Mti nao unahitaji wakili. Hoja hii ina uzito kwa sisi wa Lamu, ambako ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti kuzipeleka Uarabuni, na soko lile halikujiwekea kiasi. Usafirishaji ulikoma kwa amri ya serikali mwaka 1982, wala si kwa sababu mnunuzi alishiba.

Hata hivyo, Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, mkataji wa mikoko mwenye kibali na yule wa magendo walikatazwa kwa pamoja, na kuna nyumba zilizokosa riziki. Kwa mfuasi wa Silvanus hilo si tatizo, maana kwake mtu ni uzani tu katika sahani ya mizani. Ndipo ninapoachana naye. Katika Sura Ar-Rahman mbingu zimeinuliwa na mizani ikawekwa, kisha watu wakaamrishwa wasiidhulumu: hapo mtu ni mwenye dhamana anayesemeshwa. (Simlinganishi Mola na kiumbe wa mchezo, nalinganisha nafasi aliyopewa mtu.)

Wamijikenda, jirani zetu wa Malindi na Kilifi, wanatupa mfano ulio karibu zaidi. Kaya zao, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, zilikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu. Watu waliishi humo na kuzikana humo, na hata walipohama, wazee waliendelea kukataza ukataji wa miti. Anayevunja mwiko hutozwa mnyama wa kusafishia kosa. Sheria hiyo ni kali, lakini inajulikana, na mkosaji ana njia ya kurudi kundini. Mwanakijiji aliyeuawa na jambazi wa Silvanus hakuonywa, hakushtakiwa, wala hakujua kwamba kosa lake lilikuwa kuzaliwa katika kijiji kilichojaa. Kwa hiyo ninachokikataa kwa mungu huyu si ukali wake bali siri yake, ingawa nakiri kwamba siri hiyohiyo ndiyo inayomfanya awe mhusika mzuri wa kuchezea: kundi la wachezaji linalomfukuza jambazi na kumkuta kuhani mpole nyuma yake lina kisa cha usiku mzima.

Watetezi wake hujibu kwamba kuhani akitangaza mpango wake, msitu utachomwa kabla ya alfajiri. Jibu hilo sijaweza kulivunja lote, kwa sababu kaya zenyewe, pamoja na miko yake ya wazi na wazee wake wanaoheshimiwa, baadhi zimemegwa na mashamba na hoteli, na waliozimega waliijua miko hiyo vizuri.