Kabla ya Kutafuta Mnoaji, Tafuta Anayekata

Wageni wanaohamia Kisumu na visu vyao vizuri huishia na lalamiko moja: mji huu hauna mahali pa kunoa kisu kama inavyotakiwa. Wametafuta kwenye simu, wakaletewa maduka ya vyombo na matangazo ya kampuni za Nairobi. Kuna wanaofikia hata kuvifunga visu kwenye gazeti na kuvituma kwa basi. Mimi napika kwa sherehe, visu ndio mikono yangu, na lalamiko hilo silikubali.

Kunoa kupo tele. Nenda soko la Kibuye Jumapili utasikia jiwe likilia kabla hujamwona fundi mwenyewe: baiskeli imesimamishwa kwa stendi, pedali zinakanyagwa, mkanda unazungusha jiwe lililofungwa mbele ya sukani. Pita Kondele kwa mafundi wa jua kali, yupo mwenye grenda ya umeme ambaye ataacha kuunga geti dakika mbili akunolee. Tatizo ni kwamba wengi wao wamelelewa na panga. Wateja wao ni watu wa shamba, wanaleta panga, jembe na shoka, na panga linataka makali manene, digrii 25 hadi 30 kila upande, ili lisimeguke likigonga kisiki. Kisu cha kukatia nyanya kinataka 15, au 20 kikiwa cha chuma kinene cha Ulaya. Mkono uliozoea panga hukipa kisu chako makali ya panga. Kitakata, ndiyo, lakini vitunguu vitakuwa vinapasuka badala ya kukatika.

Grenda ina hatari nyingine. Visu vingi vya jikoni huimarishwa kiwandani kwa joto lisilozidi sana digrii 200 za selsiasi, na ugumu wao unategemea joto hilo lisipitwe. Jiwe la umeme likibanwa kwa nguvu kwenye ncha nyembamba, chuma huanza kugeuka rangi ya majani makavu, kikifika karibu 300 kinakuwa buluu. Ukiona ule ubuluu ujue pale pamelainika. Utanoa leo, kesho kutwa pamelala tena, na hakuna dawa ila kusaga mpaka sehemu hiyo iishe. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa fundi nisiyemjua ni dogo sana: "Fundi, maji yako wapi?" Mmoja aliwahi kunijibu, "Maji ya nini, madam? Kwani unataka kuoga?" Tulicheka wote wawili, nikarudisha kisu kwenye kikapu. Mwenye kopo la maji pembeni, anayechovya kisu kila baada ya kukipitisha mara chache, huyo ameshaelewa jambo ambalo hutaweza kumfundisha ukiwa umesimama juani.

Sasa, unampataje? Tunaambiwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini hatuambiwi alikinoa wapi, na hilo ndilo la kuuliza. Mji huu umeishi kwa kisu. Tazama mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta (sangara) inayokaangwa mtaa wa Obunga. Kichwa, uti na mkia, minofu imeondoka kwenda kiwandani na kutoka hapo kwenda ng'ambo. Ukishika mmoja angalia jinsi ulivyobaki mweupe kati ya mfupa na mfupa. Kazi hiyo haifanywi na kisu butu, wala na kisu chenye makali ya panga. Mtu aliyetoa minofu kwa miaka anajua kunoa, au anamjua anayejua, kwa sababu kisu kikizembea nyama inabaki kwenye uti na yeye ndiye anayegombezwa. Kwa hiyo mimi huanzia kwa wauza samaki. Namtafuta mama anayeparua na kupasua ngege (tilapia) mbele ya wateja, nanunua kwanza (usimsumbue mtu kazini bila kununua), halafu namuuliza kisu chake hunolewa na nani. Mara nyingi jibu ni jirani tu, mzee mwenye jiwe la pande mbili na ndoo, asiye na kibao wala namba ya simu ukutani.

Wenye bucha pia wanafaa kuulizwa, ila usichanganye mambo. Ile fimbo ya chuma wanayopitishia kisu kila wakati inanyoosha tu makali yaliyolala, hainoi. Kisu kikishakuwa butu kabisa fimbo haikisaidii. Mafundi cherehani nao wana watu wao wa mikasi, na mkasi ni kazi tofauti: hunolewa upande wa nje wenye mteremko peke yake. Anayegusa ule uso wa ndani ulio bapa amekuharibia mkasi.

Ukirudishiwa kisu usikijaribu kwa ukucha mbele ya watu. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka ubavuni kuelekea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wake. Ukihisi kitu kinakwaruza upande mmoja, huo ni unyuzi mwembamba wa chuma uliokunjwa na jiwe. Mnoaji mzuri huuondoa kwa kupishanisha pande kwa wepesi, kisha anamalizia kwenye kipande cha ngozi. Anayeuacha anakupa kisu kinachokata ajabu jioni hiyo na kuchoka siku inayofuata, kwa sababu uliokuwa ukikata ni ule unyuzi.

Lawama nyingine ni yetu wateja. Tunapanga bei kwa kisu, tunasimama juu ya kichwa cha fundi tukitazama saa, halafu tunashangaa akitumia grenda. Kunoa kwa jiwe la maji, kuanzia lile la chembe kubwa, namba 400, kwa kisu kilichomeguka, kisha la chembe ndogo, 1000, si kazi ya kumalizwa huku matatu inapiga honi. Mimi huviacha visu asubuhi na kuvifuata jioni, na hulipa zaidi ya anayenoa panga bila kubishana. Mtu anayelipa maelfu kwa kisu kimoja halafu anamkatalia fundi noti ya mia hana haki ya kusema Kisumu haina wataalamu.

Kisu cha mkate chenye meno kibakize nyumbani. Huyo mzee wa jiwe atakwambia mwenyewe kwamba hakiwezi, na yule wa grenda atakipokea kwa furaha.