Kaongoza Darasa, Kapewa Ndege ya Mafuta

Kila darasa la marubani wa kijeshi linapomaliza mafunzo, lalamiko ni lilelile: kijana kawashinda wenzake, kaomba ndege ya kivita, kapangiwa ndege ya kuwajazia wengine mafuta angani. Katika Jeshi la Anga la Marekani matokeo hayo hutangazwa usiku mmoja mbele ya darasa zima, mara nyingi ndugu na wachumba wakiwepo. Picha ya ndege inatokea kwenye skrini, ukumbi unalipuka kwa kelele, na mwenye jina lake anatakiwa atabasamu, apende asipende. Anayetazama kwa nje huona bahati nasibu, kisha huhitimisha kwamba mfumo huu unaua juhudi.

Hoja ya walalamikaji ina uzito. Rubani wa jeshi hilo akishavishwa mabawa, yaani beji ya urubani, anadaiwa utumishi wa miaka 10, ilhali mafunzo yaliyomfikisha hapo ni ya mwaka mmoja hivi. Mwanafunzi aliyeamka na tumbo linalosokota siku ya mtihani wa kuruka sambamba, pale ndege mbili zinapoachiana nafasi ya takriban mita moja tu kati ya ncha za mabawa, anaweza kuishi na alama za asubuhi ile kwa miaka mingi. Kubadili aina ya ndege baadaye kunawezekana, ila wanaofanikiwa ni wachache.

Kwa wanamaji wa Marekani bahati inaonekana waziwazi zaidi. Alama zao hupimwa kwa kulinganisha: mwanafunzi anawekwa kwenye mizani na wenzake waliopita karibuni katika kikosi hichohicho, na wastani umewekwa kuwa 50. Upangaji nao umezoeleka kufanywa wiki kwa wiki. Tuseme wiki hii kuna nafasi tatu za jeti na wiki ijayo hamna hata moja. Mwenye 53 atakwenda kwenye jeti, mwenye 58 atakwenda kwenye helikopta, na hakuna atakayeweza kumweleza huyu wa pili alikosea wapi, kwa sababu hakukosea.

Hata hivyo, naona walalamikaji wameshika mkia wakamwacha ng'ombe. Mwisho wa mafunzo haugawi zawadi, unajaza viti. Viti hutokana na idadi ya ndege zilizopo, marubani wanaostaafu, na uwezo wa vikosi vinavyofundisha kila aina ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Vita Baridi ilipokwisha, Jeshi la Anga lilijikuta na wahitimu wengi kuliko viti, na baadhi yao wakapelekwa kwenye kazi za mezani kusubiri. Alama walikuwa nazo, mabawa walikuwa nayo, cha kurusha hakikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mahitaji ya vita yakageuka, na wahitimu waliofunzwa kukaa ndani ya ndege wakapelekwa moja kwa moja kurusha droni wakiwa ardhini.

Jambo ninalodhani halieleweki kabisa ni kule kuwatawanya kwa makusudi wanafunzi wazuri katika aina zote za ndege. Hebu tufuate njia ya pili, ya kuacha kila mmoja achague kwa alama zake, mpaka mwisho wake. Wa kwanza achague, wa pili achague, na kwa kuwa wengi wa juu wanataka ndege za kivita, ndege za mafuta, za mizigo na helikopta zipate waliobaki. Mwaka wa kwanza hakuna atakayegundua kitu. Lakini jeshi haliajiri makamanda kutoka mtaani. Baada ya miaka 10, mkufunzi wa kikosi cha helikopta, mtahini wake na mkuu wake wote watakuwa wametoka mkiani mwa madarasa yao, na ndio watakaoamua nani anafaa kutua usiku juu ya sitaha ndogo ya meli inayoyumba. Ndege ya kivita inayovuka bahari nayo itamtegemea rubani wa ndege ya mafuta aliyefunzwa na watu wa mkiani vilevile. Anayesema kipaji kikubwa "kimepotezwa" kwenye ndege ya mafuta angemuuliza rubani wa ndege ya kivita ya F-16 aliyebakiwa na mafuta ya dakika chache angependa nani awe mbele yake.

Ni hivyohivyo kwa mhitimu anayebakizwa chuoni kufundisha. Wengi huiona kama adhabu: wenzake wanaondoka na ndege mpya, yeye anarudi kwenye zilezile za mazoezi. Namwonea huruma kweli. Ila asipobaki yeye, darasa lijalo lifundishwe na nani?

Jeshi la nchi kavu la Marekani husifiwa kwa sababu wanafunzi wake wa helikopta huchagua kwa kufuata nafasi zao darasani, kutoka kwenye orodha iliyo wazi. Ni utaratibu mzuri na unapunguza minong'ono. Lakini orodha yenyewe imeandikwa na jeshi; zikiwekwa nafasi mbili tu za Apache, helikopta ya mashambulizi, wa tatu hana Apache. Haki ya mwanafunzi kuchagua huanza jeshi likishamaliza kuchagua.

Ningekuwa mkosoaji, ningeishambulia ratiba. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa Jeshi la Anga walipita kwenye ndege za mafunzo za T-37 kisha T-38, hata waliokuja kurusha ndege za mizigo. Baadaye njia zikagawanywa mapema, T-38 kwa wanaoelekea kwenye ndege za kivita na za mabomu, T-1, nayo ya mafunzo, kwa wa mizigo na mafuta. Fedha ziliokolewa, ila uamuzi mkubwa ukasogezwa mahali ambapo mwanafunzi ametazamwa kwa saa chache zaidi za kuruka. Wanamaji nao huamua baada ya hatua ya kwanza tu. Kukusanya nafasi za miezi miwili au mitatu na kuzigawa kwa pamoja kungepunguza ile bahati ya wiki bila kugusa mahitaji ya jeshi, ingawa wengine wangelazimika kukaa bure wakisubiri. Na pale maoni ya mkuu wa kundi yanapohesabiwa pamoja na alama za kuruka, yaandikwe pamoja na sababu zake, mwanafunzi apewe ayasome kabla ya usiku wa skrini.