Kiazi mwitu kilichozaa kampuni

Stendi ya Mtwara ming'oko ya kuchemsha huuzwa kwa mafungu, na mnunuzi haulizi nani kaichimba. Ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, viazi mwitu vya Meksiko, waliwahi kuzaa kampuni iliyotikisa biashara ya homoni duniani: Syntex. Naikumbuka kila msimu wa korosho unapokaribia, vijiwe vinaporudia ubishi uleule: tubane bei ya kuuzia korosho ghafi ipande, au tuanze na ujuzi wa kusindika?

Mkemia Mmarekani, Russell Marker, aligundua kwamba viazi vya Veracruz, jimbo la Meksiko, vina diosjenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa projesteroni, homoni ya uzazi ya mwanamke. Kwao hakupata wa kumwekea mtaji. Akaenda Mexico City, akatafuta maabara kwenye kitabu cha simu, na mwaka 1944 Syntex ikazaliwa. Mwaka uliofuata akagombana na wenzake kuhusu fedha, akaondoka. Hapo ndipo penye kisa. Chupa za kemikali alikuwa ameziwekea alama zake mwenyewe, kwa hiyo waliobaki hawakujua kilichomo. Kiazi kipo, jengo lipo, dawa haitoki.

Aliyewaokoa ni George Rosenkranz, mzaliwa wa Hungaria aliyechukuliwa kutoka Cuba. Alianza kazi upya, na tofauti na Marker, alifundisha vijana wa hapohapo. Mmoja wao, Luis Miramontes, alitengeneza norethisteroni, homoni ya maabara inayofanya kazi kama projesteroni, mwaka 1951 akiwa bado mwanafunzi. Hiyo ni miongoni mwa homoni zilizoingia kwenye vidonge vya mwanzo vya uzazi wa mpango.

Wanaoitetea Syntex wana hoja nzito. Projesteroni ilikuwa ikiuzwa makumi ya dola kwa gramu moja, bei ikaporomoka. Nchi ambayo hakuna aliyeitaja kwenye kemia ikawa inaiuzia Upjohn, kampuni ya dawa ya Marekani, malighafi ya kutengenezea kortisoni, dawa ya kutuliza uvimbe.

Lakini muulize mchimbaji. Kule kijijini mizizi ilipita kwa madalali waliolipa bei ya kutupa. Sisi tungewaita kangomba. Mwaka 1956 kampuni ikanunuliwa na Wamarekani, kisha utafiti ukahamia Palo Alto, California. Mwaka 1994 Roche, kampuni ya dawa ya Uswisi, ikaichukua kwa dola bilioni 5.3. Mchimbaji hakuwa mezani.

Serikali ya Meksiko ilijaribu kumkalisha. Mwaka 1975 iliunda shirika la umma, Proquivemex, linunue mizizi na kupandisha bei. Kampuni za nje zikagoma na kuegemea soya kama malighafi badala ya kiazi, na njia nyingine za maabara. Wapo wanaosema shirika hilo ndilo lililoua biashara. Mimi naona wanalionea, kwa sababu safari ya kuhamia soya ilikuwa imeanza kabla yake. Kosa ni kwamba lilibana bei wakati mnunuzi ameshaona mlango wa nyuma.

Huku kwetu wengi watakumbuka Novemba 2018, serikali iliposema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakawachelewa wengi. Hata hivyo mfano wa Meksiko hautukai sawasawa. Korosho haitengenezwi maabara, anayeitaka lazima aifuate kwenye mti. Mshindani wetu ni mkulima wa Ivory Coast na wa Kambodia, kwa hiyo kubana bei kunawezekana zaidi kuliko kule, mradi tusibane hadi meli igeuze njia.

Ujuzi ndio unaonisumbua zaidi. Miaka ya 1970 tulijengewa viwanda vya kubangua kwa mikopo, na vingi viliishia kuwa maghala. Korosho ghafi bado inapanda meli kwenda India na Vietnam. Hata mkonge, uliowahi kutanda Lindi, una kisa chake: miaka ya 1950 Glaxo, kampuni ya dawa ya Uingereza, ilitumia hekojenini, kemikali ya jamii ya diosjenini, kutoka mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea dawa za jamii ya kortisoni. Mabaki, jamani, yale ya kumwagwa!

Watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wanaujua mkorosho kuanzia mbegu hadi ugonjwa wa ubwiriunga. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, yanayotumika kwenye rangi na breki za magari. Ganda hilo hilo, kwa wabanguaji wengi, huishia jikoni au kwenye tanuri kama kuni.