Mwenye Funguo Aitwe Kikaoni

Katika taasisi nyingi hapa Lamu, anayejua hali halisi ya jengo ni yule bwana mwenye funguo kiunoni. Anajua bomba lipi linavuja na jenereta haijawashwa tangu lini. Lakini bajeti ikipangwa, yeye hayumo. Huitwa maji yakishaingia ofisini kwa mkubwa.

Kwingineko usimamizi wa majengo ni taaluma kamili. Mwaka 2018 ilitolewa hata ISO 41001, kanuni ya kimataifa ya kazi hiyo. Sisi bado tunamwita "yule wa mabomba", na matengenezo tunayahesabu kuwa gharama ya kukatwa kwanza pesa zikipungua. Naona tunajipunja.

Tunajipunja zaidi kwa sababu tuko pwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haichagui jengo la serikali wala la hoteli. Hula vyuma vya viyoyozi, bawaba za milango, mabati. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na chokaa huacha ukuta upumue. Anakuja mkandarasi asiyeujua mji, anapiga plasta ya saruji kwa kuwa inakauka upesi na inang'aa siku ya uzinduzi. Unyevu na chumvi hunaswa ndani. Plasta huvimba, hubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Fundi mzee wa mtaani angemwambia mapema, lakini nani alimuuliza?

Kuna ofisi moja, jina nalisitiri, nilikwenda kufuata karatasi. Juu ya benchi ya wateja kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Ndoo imejaa, maji yanamwagika sakafuni kuelekea kwenye waya wa umeme uliotandazwa hapo, na ukuta wa nyuma umefura kama andazi. Karani akatuambia mtandao umekatika, turudi kesho. Kwenye foleni walikuwamo watu waliotoka Faza na Kizingitini kwa boti. Nauli yao ya kurudi tena haiandikwi popote katika hesabu za ofisi ile, lakini hasara ni hasara, hata ikilipwa na mama aliyekuja kutafuta cheti cha mtoto.

Kwenye zahanati ndiyo mtihani. Chanjo nyingi hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, anayehitajika kwanza si daktari, ni mtu aliyeijaribu jenereta hiyo wiki iliyopita na kuandika daftarini kwamba betri imechoka. Na katika mji ambao gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoroni, mtungi wa kuzimia moto uliokwisha muda wake ni pambo tu.

Wazee wetu hawakuwa na cheo cha kazi hii, ila waliifanya. Walitia samaki wadogo kwenye birika za kuhifadhia maji nyumbani ili wale viluwiluwi vya mbu.

Najua wapo wanaosema kazi ipewe kampuni ya Mombasa, mambo yaishe. Kwa mitambo mikubwa, sawa. Ila kampuni haiko hapa usiku mvua ya kusi inapopiga. Anahitajika mtu wa papa hapa, mwenye mshahara wa kueleweka, fungu dogo la vipuri ambalo halingoji saini tatu, na idhini ya kumkatalia mkandarasi kupokelewa kazi mbovu.

Kwenye kikao kijacho cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti nitauliza hivi: jengo hili jipya likishakatwa utepe, pesa za kulitunza ziko ukurasa gani? Na daftari la jenereta la zahanati, naomba kulitazama.