Refa wa snuka aachwe aamue

Nina neno kuhusu misi, ule uamuzi wa kwenye snuka kwamba mchezaji aliyeukosa mpira hakujitahidi vya kutosha. Nimelibeba tangu Jumamosi moja nilipokaa pembeni ya meza kwenye klabu moja hapa Dar es Salaam, nikimwangalia kijana aliyekuwa na miezi michache tu kwenye mchezo huu. Mpira mweupe ulikuwa umefichwa nyuma ya wa kahawia, nyekundu, alizotakiwa kuzigusa kwanza, zote ziko upande wa pili. Akapaka chaki, akainama, akapiga. Mweupe ukagonga ukingo wa kwanza, ukagonga wa pili, ukaipita nyekundu ya pembeni kwa nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Mzee aliyekuwa akicheza naye akasema, "Misi." Mpira ukarudishwa. Akapiga tena, akakosa tena, ukarudishwa tena. Mara nane. Pointi nne kila mara, jumla 32, na kijana hajapata hata nafasi moja ya kutumbukiza.

"Mzee, mimi najitahidi kweli," alisema mwishoni.

"Najua, mwanangu. Lakini hata Crucible wanarudisha."

Kilichoniuma ni kwamba kuhusu Crucible, ukumbi wa Sheffield, Uingereza, unaochezewa ubingwa wa dunia, mzee alisema kweli.

Sheria ya snuka inamtaka mchezaji ajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake kuugusa kwanza mpira unaotakiwa. Akikosa ni faulo. Refa akiona hakujitahidi vya kutosha anaongeza misi, na hapo mpinzani ana haki ya kudai mipira irudishwe ilipokuwa ili aliyekosa apige upya. Uzito wote umelala kwenye "uwezo wake" na "refa akiona". Sheria imempa refa kazi ya kumpima mtu. Sasa keti mbele ya televisheni wakati wa mashindano ya dunia uone kinachofanyika. Mchezaji wa kulipwa akikosa, misi inaitwa karibu kila mara, awe amekosa kwa unywele au kwa nusu meza. Mara nyingi kinachoizuia ni hesabu tu: mmoja akishaachwa kwa pointi nyingi kuliko zilizobaki mezani, misi haiitwi. Kumpima mtu kumebaki kwenye kitabu cha sheria.

Mashabiki wenzangu wana majibu ya haraka. Wengi husema marefa wa leo ni waoga. Haohao, ukiwasikiliza kidogo, wanasema na viwango vya wachezaji vimeshuka, kwamba hakuna tena mabingwa kama wale wa zamani, Steve Davis na Stephen Hendry. Mimi naona mambo haya mawili yanagongana. Misi inaitwa kila mara kwa sababu wachezaji wamekuwa hodari mno. Refa anamwona mtu anayeweza kugonga kingo tatu na kuja kutua taratibu kwenye nyekundu iliyojificha, amemwona akifanya hivyo jana na juzi, kwa hiyo akikosa leo anaambiwa ulikuwa na uwezo. Na sisi tulio nje tunapiga kelele misi itolewe. Huwezi kumdai mtu muujiza kila anapofichwa, halafu useme hajui kucheza.

Kuhusu viwango vyenyewe sina shaka hata kidogo. Januari 1982, kule Oldham, Davis alipofikisha 147, pointi za juu kabisa za kawaida kwa zamu moja, mbele ya kamera kwenye mashindano rasmi, lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye televisheni. Leo breki, yaani pointi za zamu moja mezani, za 147 zilizotambuliwa rasmi zimeshapita 200. Hendry alistaafu akiwa na mataji saba ya dunia na breki 775 za pointi mia au zaidi, tukadhani hapo ndipo kilele. Mwaka 2019 Ronnie O'Sullivan akafikisha ya 1,000. Neil Robertson alipiga breki 103 za mia katika msimu mmoja, wa 2013/14, na Judd Trump akaja kuipita idadi hiyo msimu wa 2024/25. Najua O'Sullivan mwenyewe alisema mwaka 2020 kwamba vijana wengi wanaokuja si lolote, na kwamba labda apoteze mkono na mguu ndipo aondoke kwenye 50 bora. Ni mchezaji ninayempenda kuliko wote, lakini hapo aliwaonea. Ni kweli kwamba yeye, John Higgins na Mark Williams waliingia kwenye mchezo wa kulipwa mwaka mmoja, 1992, na Williams alicheza fainali ya dunia ya 2025 akiwa na miaka 50. Lakini fainali hiyo aliichukua Zhao Xintong kwa 18-12, akawa Mchina wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia, kwa mtindo wa kushambulia ambao ungeutetemesha ukumbi wowote wa zama zozote.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu wanaoujua mchezo. Wanasema refa akilegeza tu, wachezaji watadanganya. Mtu amefichwa, ana njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: ukingo mmoja, anagonga kundi la nyekundu, lakini zinatawanyika na mpinzani anapata karamu. Ya pili ni ngumu, kingo tatu na mzunguko juu yake, ila hata akikosa mweupe unakwenda kupumzika mahali salama. Anachagua ya pili, anakosa kidogo, anainua mabega kana kwamba amesikitika. Huyo kweli aitiwe misi, na airudie mpaka achoke au achukue ile njia rahisi. Sheria iliwekwa kwa ajili yake.

Lakini angalia refa anahukumu nini hapo: uchaguzi wa njia, na mwendo wa mpira. Vyote viwili vinaonekana kwa macho. Refa amesimama hatua chache kutoka mezani, amevaa glavu zake nyeupe, ameona mchezaji akiinama kupima pembe, ameona fimbo ikitoka kwa nguvu gani. Aliyeshika njia iliyo wazi kwake, kwa mwendo unaofaa, akakosa kwa ukucha, huyo amejitahidi. Tofauti kati yake na yule mjanja refa anaijua. Ndiyo maana mimi namwamini kuliko baadhi ya mashabiki wanavyomwamini.

Tumewafanya marefa waogope kutumia macho hayo. Fainali ya dunia ya 2022 O'Sullivan na refa Olivier Marteel walirushiana maneno hadharani, na kwa siku kadhaa kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu Marteel. O'Sullivan alimfunga Trump 18-13, taji lake la saba, na bado kuna watu ambao ukiwauliza kuhusu fainali ile wanaanza na refa. Katika hali hiyo nani atathubutu kusema "faulo" tu, bila misi, wakati mwenzake jana aliita misi kwenye mpira unaofanana? Kuita kila mara ni salama, hakuna atakayekulaumu.

Ninachotaka ni kidogo. Misi ibaki. Wanaochagua njia ya hila warudishwe hata mara kumi. Lakini mchezaji aliyefichwa vibaya kabisa, akajaribu kwa uaminifu, akakosa kwa upana wa ukucha, refa awe huru kusema faulo na mchezo uendelee, na anayesimamia marefa amtetee kesho yake makelele yakianza. Na sisi wa klabuni tusiazime ukali wa Sheffield na kumwekea kijana wa miezi michache, maana sheria yenyewe inasema uwezo wake, na wa kwake bado haujafika hata nusu ya huo tunaouona kwenye skrini.

Tangu Jumamosi ile, nikiombwa kusimamia meza, siutazami sana mpira mweupe ukishaondoka. Namtazama mchezaji kabla hajapiga, pale anapozunguka meza na kuamua atapita wapi.